Vipande Tisini vya Sekunde

Tarehe 4 Februari

Baba, shikamoo.

Nimekupigia simu mara tano wiki hii, hupokei. Mara ya sita ukapokea, ukasema "Eeh, eeh, vizuri sana," ukakata, na mimi nilikuwa nimekuuliza kama bado unakohoa. Basi naandika. Karatasi huwezi kuikatia.

Kaa chini kwanza. Wamenipa kitengo! Kuanzia mwezi huu mimi ndiye mkuu wa gia hapa kiwandani. Nina watu sita chini yangu, na mmoja ana mvi kukuzidi. Kila baiskeli ya umeme inayotoka getini, gia zake zinajibadili zenyewe kwa mpango nilioupanga mimi, mtoto wa fundi wa baiskeli.

Najua utauliza zinajibadilije, kwa hiyo nakueleza kabla hujaninunia. Mpandaji habonyezi kitu. Kuna kompyuta ndogo kwenye fremu, inaona mlima, inaona mwendo, inahamisha cheni yenyewe. Lakini cheni haiwezi kuhama kutoka meno haya kwenda yale huku mota inaivuta kwa nguvu zote, itang'ang'ania katikati. Lazima mota ipumzike kidogo, cheni ihame, mota irudi. Sasa kidogo ni kiasi gani? Hiyo ndiyo kazi yangu. Chukua sekunde moja uikate vipande elfu. Zamani walikuwa wanapumzisha mota vipande mia mbili na hamsini, wateja wakalalamika kwamba mlimani ni kama mtu amekushika shati kwa nyuma. Mimi nimeshusha mpaka tisini. Tisini, Baba! Gia inaingia hata huna habari. Nimeipanda mwenyewe miezi miwili, asubuhi na jioni, yenye mzigo na isiyo na mzigo, mimi na vijana wangu wawili wa majaribio. Mkurugenzi akaizungusha uani, akashuka anacheka: "Kwani imebadili saa ngapi?"

Nilitamani ungekuwepo.

Mwambie mdogo wangu Kitinda anaandika barua fupi mno, kama anaandika cheti cha dawa.

Binti yako mkubwa

*

Tarehe 15 Februari

Mkubwa wangu, marahaba, tena marahaba.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikampelekea muuza spea wa jirani. Akasema, "Huyu si wako, wako angeishia kuziba pancha." Nikamwambia kuziba pancha ndiko alikoanzia, hasidi mkubwa we.

Simu yangu usiihangaikie, spika yake imekufa. Tuandikiane tu, napenda mwandiko wako.

Sasa sikiliza na mimi nina langu. Kliniki ya huku mlimani imeletewa baiskeli kumi na mbili za kwenu, za wakunga wanaozungukia wazazi majumbani. Daktari wa kliniki alikuwa hazitaki. Alisema vitu vinavyojibadili vyenyewe havimwingii akilini. Nikavaa shati langu la kutokea, nikaenda mpaka ofisini kwake. Nikamwambia, gia hizi kazipanga mwanangu, zikiwa na kosa nifuate mimi, unajua nilipo. Akazipokea siku ile ile.

Mdogo wako kapewa namba saba. Huyo hapandi, anapigana nayo. Si unajua sikumfundisha? Na ile pumu yake, marehemu mama yenu aliniapiza nisimsogeze hata karibu na tandiko. Wewe nilikuchapa tambara la grisi kwenye kigimbi kila uliposahau kulegeza mguu kabla ya gia. Gia haisukumwi, inaombwa, nilikuimbia hivyo mpaka ukawa unalegeza mguu hata usingizini. Na nusu ya mafundi wa mji huu niliwafundisha hivyo hivyo. Kumbe siku hizi mashine inaomba yenyewe. Haya, mzee nimepitwa, nasogea pembeni.

Nimefurahi, mwanangu. Sijui kuandika furaha, lakini nimefurahi.

Baba yako, Fundi

*

Tarehe 20 Machi

Mkubwa, hujambo.

Nina swali, lisikukere. Wakunga wawili wameniletea cheni zilizokatika, namba tatu na namba kumi. Mmoja alikuwa ameshaanguka, amechubuka viganja na goti, kashukuru Mungu barabara ilikuwa tupu. Baiskeli zenyewe hazina hata miezi miwili. Nikadhani kutu, hamna. Nikadhani mchanga, hamna, wale mabinti wanazifuta kama wanavyofuta watoto.

Nikaziweka cheni juani nikazitazama. Pingili haikuchakaa, mwanangu. Sahani yake ya pembeni imepanuka na kufunguka, kama tundu la kifungo lililovutwa vutwa. Cheni nilizozitoa kwenye baiskeli za kawaida tangu ujana wangu zinajaza mapipa, na sijawahi kuona zikifunguka namna hii mahali pamoja. Kitu kinaivuta kwa ubavu, mara nyingi, kidogo kidogo.

Nimewaambia wakunga wote waniletee baiskeli kila Jumamosi nizikague pingili moja moja. Nimeshabadilisha nyingine nne kabla hazijakatika. Nne kati ya kumi na mbili. Ya Kitinda ni mojawapo.

Hebu niangalizie huko.

Baba yako

*

Tarehe 28 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeangalia. Tumetoa baiskeli elfu nne, na hapa kwenye stendi ya majaribio cheni zangu zimezunguka sawa na kuvuka nchi nzima mara tatu. Hakuna hata moja iliyofunguka. Hao wakunga wako wanabeba mikoba mizito, wanapanda mlima ambao hata mbuzi anaukwepa, halafu cheni ikichoka tatizo ni gia? Wape mafuta mazuri, acha kuwapa yale ya cherehani.

Halafu, Baba, usinune, lakini Kitinda ameniambia. Simu yako haina tatizo lolote. Masikio ndiyo yamekwenda. Amesema siku hizi hata kengele ya mlango huisikii, na unajifanya uko chooni. Sasa naomba uniambie ukweli: fundi ambaye husikii, cheni inayolia umeijuaje?

Sisemi kwa ubaya. Nasema usiwatie watu hofu kuhusu kitu ambacho jina langu liko juu yake. Mkurugenzi anataka kunipeleka kwenye maonyesho mwezi wa sita. Nimehangaika kufika hapa, unajua nilivyohangaika.

Nenda hospitali ukapimwe masikio.

Binti yako

*

Tarehe 6 Aprili

Mkubwa,

Ni kweli, sisikii. Kushoto kumekwisha, kulia kumebaki kidogo cha kusikia mtu akinitukana. Nilificha kwa sababu fundi kiziwi watu wanamkimbia. Sasa umeshajua, yaishe.

Lakini sikusema nimesikia. Soma barua yangu vizuri. Nilisema nimeona. Na baada ya barua yako nimefanya kingine: nimeshika. Nilimwomba mdogo wako apande ule mlima wa kliniki polepole, mimi natembea ubavuni kwake, kiganja changu kiko kwenye fremu. Watu wakacheka, mzee anamsukuma bintiye kama mtoto wa chekechea. Waache wacheke. Gia ilipobadilika nilihisi pigo. Dogo sana, kama mtoto anavyopiga teke tumboni. Tulipanda mara tisa, pigo mara tisa, pale pale cheni inapohama.

Kisha nikapanda mimi. Mara tisa pia, na nyonga hii unayoijua. Hakuna kitu. Laini kama siagi.

Nikakaa kwenye jiwe nikafikiri. Kilichobadilika ni nini? Baiskeli ni ile ile na mlima ni ule ule. Nikamwambia mdogo wako apande tena, safari hii nikatazama miguu yake badala ya cheni. Anasimama juu ya pedali, anakandamiza kutoka chini mpaka juu bila kupumua. Halegezi hata chembe. Mimi nalegeza. Sijijui kama nalegeza, miaka hamsini nalegeza.

Sasa nakuuliza, mwanangu, na nijibu kama unavyomjibu baba yako na si kama unavyomjibu mteja. Hizo gia, nani alizijaribu? Wewe? Kwa mguu huo niliouchapa tambara mimi? Na hao vijana wako wawili wa majaribio, walijifunzia wapi kupanda?

Nijibiwe haraka. Mdogo wako anaupanda ule mlima mara mbili kwa siku.

Baba yako

*

Tarehe 21 Aprili

Baba, shikamoo.

Samahani nimechelewa, kazi zimetubana.

Nimejaribu tena kama ulivyotaka, kwa mguu mwingine. Iko sawa. Ni cheni za mzigo ule wa kwanza zilikuwa dhaifu, muuzaji wa cheni ameshaambiwa. Hizo nne ulizobadilisha zinatosha, na za wengine zitabadilishwa wakija kwenye huduma ya bure mwisho wa Mei. Usijichoshe na ukaguzi wa Jumamosi, nyonga yako nayo inataka kupumzika.

Nisamehe kwa maneno yangu ya masikio. Nilikosa adabu.

Binti yako

*

Tarehe 21 Aprili

Kitinda,

Barua hii isome peke yako, usimwonyeshe Baba. Simu sitaki, hizi tulizopewa ni za kampuni na sijui nani anasikiliza.

Acha kupanda ile baiskeli. Kuanzia leo. Singizia mgongo, singizia pumu, singizia chochote.

Baba alikuwa sahihi. Alipouliza nani aliijaribu, nilipandwa na hasira, kisha nikaona aibu, nikaenda jikoni kwetu kazini nikamwomba mama mpishi aje apande kwenye stendi. Hajawahi kuona baiskeli yenye gia maishani mwake. Nikaiwekea uzito wa mlima, nikamwambia kanyaga tu, mama, kama unapanda ngazi. Akakanyaga. Mguu wake haulegei. Kwa nini ulegee, nani alimchapa? Nikaona kwenye kioo cha kompyuta mota inapumzika vipande tisini na kurudi, cheni bado iko katikati ya meno, na mama wa watu anakandamiza. Siku ya tatu sahani ikafunguka. Siku ya tano ikakatika, mpishi wangu akalala kifudifudi juu ya usukani, na hapo stendi imefungwa sakafuni kwa bolti.

Mimi na vijana wangu wawili, sote watatu ni watoto wa mafundi. Mmoja baba yake alifundishwa na Baba! Tulikuwa tunailegezea mashine miguu bila kujua, tunajisifu kwamba imebadili vizuri. Ningeacha vipande mia na themanini tu, isingekuwa na shida.

Nilikwenda kwa meneja siku ile ile. Alisikiliza vizuri sana, akafunga mlango. Akasema baiskeli elfu nne ziko barabarani, tukitangaza tumekwisha, na zaidi ya watu mia tatu wa humu ndani wanarudi makwao. Akasema zote zitakuja kwenye huduma ya bure mwisho wa Mei, tutazibadilishia mpango wa gia kimya kimya, hakuna atakayejua. Kisha akanigeuzia karatasi ya majaribio, akaweka kidole kwenye sahihi yangu.

Ni wiki sita. Baba nimemwandikia iko sawa, ukimwambia atakwenda kusimama sokoni atangaze. Usimwambie mtu yeyote. Wewe shuka tu kwenye hiyo baiskeli, nakuomba, mdogo wangu.

Dada yako

*

Tarehe 2 Mei

Dada, shikamoo.

Nimesingizia mgongo. Daktari ameniambia niuegemeze ukutani dakika kumi kila asubuhi, basi kila asubuhi natia mgongo mzima ukutani kama mjusi, wenzangu wananipa pole. Nazunguka kwa miguu. Jana nilimfikia mzazi mtoto ameshatoka, bibi yake amemfunga kitovu kwa uzi wa kushonea, akaniuliza nimekuja kula au kuzalisha.

Lakini Dada, kuna jambo linaninyima raha. Baiskeli kliniki hazilali. Siku niliposema mgongo, namba saba akapewa Kicheko. Nilikueleza habari zake, yule mkunga mnene anayecheka mpaka wazazi wanasahau uchungu. Alikuwa anaililia hiyo baiskeli tangu mwanzo. Sasa anaupanda mlima amesimama juu ya pedali, anaimba kwa sauti, na mkoba mgongoni. Ana uzito mara mbili yangu.

Na Baba ameacha kukagua. Nilimuuliza mbona Jumamosi hawaji, akasema, "Dada yako ameshaangalia, iko sawa." Alisema kwa fahari, Dada. Wakunga wawili waliotaka kuzirudisha amewaambia wasiogope. Nikaenda kukaa chooni kama yeye.

Nimwambie Kicheko? Huyo mmoja tu. Hana umbea. Nijibu upesi, maana kila akipita ananipigia kengele, nami natazama pembeni.

Mdogo wako, Kitinda

*

Tarehe 9 Mei

Kitinda,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Ukimwambia mmoja, atauliza kwa nini, atamwambia daktari, daktari atampigia meneja, na wote watajua imetoka kwangu. Baba alimwapia daktari yule kwa jina langu. Fikiria atauweka wapi uso wake.

Zimebaki siku ishirini na mbili. Cheni ya namba saba Baba aliibadilisha Machi, bado mpya. Mwambie Kicheko apande taratibu, akae kwenye tandiko, asisimame. Sema ni ushauri wa dada yako fundi, kwa ajili ya betri. Hiyo inatosha.

Vumilia. Ukifika mwisho wa mwezi tutacheka.

Dada yako

*

Tarehe 17 Mei

Mkubwa wangu,

Kaa chini kwanza, kisha usome.

Alhamisi asubuhi yule mkunga wanayemwita Kicheko alikuwa anapanda kwenda kwa mzazi juu ya mlima. Cheni ikakatika. Alikuwa amesimama, mwili wote ukaenda mbele, akapita juu ya usukani akaangukia katikati ya barabara. Nyuma yake lilikuwa linapanda lori la mchanga. Dereva anasema alikanyaga breki. Namwamini, alama za matairi nimeziona. Jana tumemzika. Ana watoto wawili, wa kike wote.

Ilikuwa namba saba. Baiskeli ya mdogo wako, Mkubwa! Mungu ametupenda, mdogo wako alikuwa na mgongo tangu mwezi uliopita, lau angekuwa mzima ningekuwa nakuandikia mengine. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa mgongo ule, kisha nikaona haya, maana mama wa marehemu alikuwa ukuta wa pili.

Nimeichukua ile cheni. Sahani imefunguka, pale pale, vile vile. Na hii haikuwa ya mzigo wa kwanza. Niliinunua mimi kwa muuza spea, nikaifunga kwa mikono yangu.

Uliniambia umejaribu kwa mguu mwingine. Nieleze mguu huo ulikuwa wa nani. Labda kuna kitu sikuelewa, mimi ni wa zamani. Nieleze polepole.

Mdogo wako hali chakula na hasemi. Nadhani ni huzuni ya mwenzake.

Baba yako

*

Tarehe 18 Mei

Dada,

Barua yako ilinifikia Jumatano jioni. Kesho yake asubuhi nikamkuta Kicheko nje ya kliniki anajaza upepo. Nilikuwa nimeamka nimeazimia kumwambia, potelea mbali. Nikakumbuka siku zako ishirini na mbili, nikazihesabu, zilikuwa zimebaki kumi na saba. Nikaona kumi na saba si nyingi.

Nikamwambia, "Kaa kwenye tandiko, usisimame, panda taratibu." Akaniuliza, "Kwani vipi?" Nikasema, "Betri." Akacheka kile kicheko chake, akasema, "Shoga yangu, mlima ule ukiupanda taratibu unarudi nyumbani kinyumenyume." Akaondoka anaimba.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni niliposikia lori.

Wanaponipa pole wanashika mgongo wangu, wanauliza umepona. Binti yake mkubwa amekuja kuniuliza mama yake alisema nini mara ya mwisho. Nimemwambia alicheka.

Ulisema nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu.

Kitinda

*

Tarehe 23 Mei

Kitinda, mdogo wangu,

Nimeandika na kuchana tangu barua zenu zifike. Ninapofumba macho naona kile kidole cha meneja kwenye karatasi.

Leo ameniita. Amesema ameshapata habari ya ajali huko kwetu, atatoa taarifa kwamba cheni haikuwa ya kampuni, ilinunuliwa mtaani na kufungwa na fundi wa mtaani. Kitinda, fundi huyo ni Baba. Nilimwambia ni baba yangu. Akasema basi itakuwa vizuri familia ikikaa kimya.

Nipe siku chache nifikirie namna ya kumtoa Baba humo. Nitapata njia. Lakini barua zangu, ile ya Aprili na ile ya Mei, zichome. Leo hii, jikoni, mpaka zigeuke majivu. Zikikamatwa nimekwisha, na wewe pia, maana ulijua. Baba usimwambie. Nakuomba kwa jina la mama yetu.

Dada yako

*

Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 23 nimeisoma. Na ya Aprili, na ya Mei. Mdogo wako aliniletea zote gereji, akaziweka juu ya meza ya kazi, akakaa chini sakafuni kama alivyokuwa akikaa pumu ikimbana. Hakuzichoma. Usimlaumu, alikuwa ameshafika jikoni na kiberiti mkononi, akasema moto ulikataa. Mimi najua moto haukukataa.

Nilisoma polepole. Kisha nikatafuta zile ulizoniandikia mimi. Nikaziweka mbili za tarehe 21 Aprili ubavu kwa ubavu. Siku moja, kalamu moja, mwandiko ule ninaoupenda. Kwangu umeandika iko sawa. Kwa mdogo wako umeandika ashuke. Nilikaa nazo mpaka muuza spea akaja kuniuliza kama nimepatwa na kiharusi.

Nimelia, nakuambia usije ukadhani nimekuandikia kwa ukali tu. Nimekulilia wewe kabla sijamlilia marehemu, na hilo nalo nitalijibu mbele ya Mungu. Najua kilichokupata. Uliogopa. Mimi niliogopa watu wasijue sisikii, nikaficha mwaka mzima, kwa hiyo sina mdomo wa kukuuliza uoga umeutoa wapi. Lakini mtoto wa mwenzio ulimtoa kwenye hesabu. Uliangalia watu wote wanaopanda ule mlima ukamchagua mdogo wako, wengine ukawaachia siku ishirini na mbili.

Sasa sikia nilichofanya, usikisikie kwa mtu mwingine. Alhamisi nilikwenda kwa daktari wa kliniki, nikamwambia nilimwapia nami nimekuja. Baiskeli kumi na moja zimefungwa mnyororo na kufuli, ufunguo ninao mimi. Jioni yake nilikwenda kwa mama wa marehemu nikamweleza yote, mlango ukiwa wazi, mabinti wale wawili wakiwepo. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliniuliza jambo moja tu, kama wewe una watoto. Nikasema bado.

Jana polisi walikuja kuniuliza kuhusu cheni niliyoifunga. Nikawaambia cheni niliifunga mimi, ni kweli, waandike hivyo. Kisha nikawapa barua. Zako zote, za kwangu na za mdogo wako. Nimewaomba waniachie ile ya Februari, wamekataa.

Hapa kwetu tumezizuia kumi na moja. Huko nje kuna elfu nne pungufu kidogo, na leo asubuhi watu wameamka wamezipanda, hawana baba wa kuwawekea kiganja kwenye fremu. Sijui ziko miji gani. Wewe unajua, orodha unayo. Kila siku unayofikiria namna ya kunitoa mimi, kuna mtu anasimama juu ya pedali. Mimi usinitoe. Niache nilipo.

Mdogo wako amekataa kukuandikia. Anasema atakuona ukifika.

Polisi wamesema wataandika kwa wenzao wa huko, itachukua siku nne au tano. Kwa hiyo una siku nne. Toka hapo kiwandani na hiyo orodha, nenda kaseme kwa mdomo wako, kisha njoo nyumbani. Njoo mwenyewe, mwanangu, usingoje kuletwa.

Baba yako